Salimia Prizi Kwanza

Mjukuu wangu Clarisse aliniwekea mezani kipimo cha umeme cha dijitali, kipya, cha rangi ya njano, kingali na harufu ya plastiki. Alikuwa amekinunua kwenye simu bila kumwuliza mtu, kwa bei ambayo hata pasi nzuri ya nguo huipati. Alisimama mbele yangu akitabasamu, anangoja nimsifu.

"Kambo, angalia," akasema. Kambo ndiyo bibi, au babu, kwa wasiojua lugha ya kwetu. "Baliandika hapa CAT III, volti elfu moya. Na bei yake! Balinipa karibu bure."

Nilichukua bisibisi nikafungua mgongo wake. Ndani mlikuwa na fyuzi moja tu, ya kioo, nyembamba kama punje ya mchele, na mahali pa fyuzi ya pili walikuwa wameunganisha kipande cha waya. Maneno yale ya nje, yanayoahidi kuwa kifaa kinahimili umeme mkali, yalikuwa rangi tu. Kifaa kama hicho ukikitia kwenye kabati la umeme la mgodi na mambo yakaharibika, fyuzi haitakata. Itapasuka, na kifaa kitapasuka pamoja nayo mkononi mwako. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, lakini wao walikuwa wanasema juu ya mboga. Kwenye kazi yetu rahisi huvunja vidole.

"Hii ni ya kupimia betri ya redio," nikamwambia. "Weye unaenda kutumika ku mgodi."

Akanuna. Wiki iliyofuata alikuwa anaanza kazi kwenye kampuni ndogo inayotengeneza mota za pampu za mgodini, na mimi nilikuwa na ombi moja tu kwa Mungu, arudi kila jioni na mikono yake miwili. Basi tukaanza kutafuta kipimo cha kweli kwa bei ya watu wa kawaida, na kutafuta huko kulinifikisha mahali ambapo sikutegemea kufika tena.

Mwalimu wenu wa darasa la umeme ndiye aliyeniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi yangu. Mimi ni Mado. Hapa Dilala, mjini Kolwezi, Kongo, wananiita Mama Mado wa Mota. Nilifanya kazi katika karakana ya umeme ya kampuni kubwa ya shaba tangu nikiwa msichana, mpaka karakana yenyewe ikabaki kuta na popo. Naandika Kiswahili cha vitabu kama masista walivyonifundisha kule Kongolo, lakini watu watakaosema humu nitawaacha waseme cha Kolwezi, ambamo njo ni ndiyo, paka ni tu, na batu ni watu, maana nikiwanyoosha hamtawatambua.

Zamani hatukusema multimeta. Tulisema kontrolere, sanduku jeusi lenye kioo na mshale. Ninayo moja kabatini, imefungwa ndani ya kitenge, na si yangu. Ni ya Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi, aliyenifundisha kazi. Aliniachia niichunge mpaka arudi. Siku hiyohiyo aliniachia na salamu moja ambayo sikuijibu, na hiyo salamu ndiyo iliyonikaa kifuani miaka yote hii kuliko kontrolere.

Mjue kwanza jinsi alivyokuwa anasalimia.

Tata Mukendi alikuwa Mkasai. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi, na kitovu chake kilizikwa katika udongo huu mwekundu. Kwao watu wakikutana husema "Moyo." Kwetu moyo ni kile kinachodunda kifuani, kwao ni uzima, na ndiyo salamu yao ya asubuhi na jioni, ikijibiwa "Moyo wenu" kwa mkubwa au kwa wengi, na "Moyo webe" kwa mtu mmoja. Tata alimsalimia kila mtu hivyo, awe Mluba wa kaskazini kama mimi, awe Mlunda, awe Mzungu. Halafu aliisalimia na prizi, ile ya ukutani mnayochomekea pasi na redio.

Msicheke, mimi nilicheka nikajuta. Kabla ya kupima waya anaodhani umekufa, Tata Mukendi alikwenda kwanza kwenye prizi anayoijua kuwa ina umeme. Akatia ncha mbili za kontrolere, akautazama mshale unavyopanda, akasema "Moyo." Kisha akaenda kwenye ule waya, akapima kimya. Kisha akarudi tena kwenye prizi, akapima mara ya pili: "Moyo." Hapo tu ndipo alipovua glovu. Alituimbisha kama katekisimu: "Salimia muzima, uliza mufu, rudilia muzima."

Wenzetu walimchokoza. "Mukendi anasemezana na kikuta!"

"Na kikuta inanijibu," anasema. "Angalia mushale."

Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu katika karakana ile, na wengine waliona nimepotea njia ya kwenda hospitali kuwa muuguzi. Yeye alinipa koleo siku ya kwanza akaniambia, "Kuran haiulizake kama uko mwanaume ao mwanamuke. Inaulizaka paka kama uko na akili." Kuran ndiyo umeme. Nilimpenda tangu siku hiyo kama baba, nalisema waziwazi.

Sasa kosa langu, maana bila makosa hamtasoma mpaka mwisho. Nilikuwa bado mgeni kazini tulipopelekwa kutengeneza pampu kwenye mstari wa umeme unaotoka Nzilo, kule bwawa linakoyazuia maji ya mto Lualaba. Nilipewa kontrolere nipime kebo. Mshale haukutikisika. "Imekufa, Tata," nikasema, nikavua glovu, nikanyoosha mkono. Ghafla nikavutwa ukosi wa nguo ya kazi kwa nyuma, nikaketi vumbini bila kupenda.

"Mado," akasema, "uliuliza mufu. Muzima ulimusalimia?"

Akaninyanyua, akanipeleka mpaka kwenye prizi ya nyumba ya pampu. Taa iliyochomekwa hapo ilikuwa inawaka mbele ya macho yangu. Akaichomoa, nikatia ncha za kontrolere. Mshale ukalala vilevile.

"Sasa nani alikufwa? Kebo, ao kontrolere yako?"

Waya mmoja wa kontrolere ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Kwa nje ulionekana mzima kabisa. Kebo ilikuwa hai, maana mtu aliyetumwa kuikatia umeme alikuwa amezima swichi nyingine. Tata hakunigombeza. Alikaa nami chini, akanigawia karanga zake, akangoja tuzimalize. Ndipo akasema neno ambalo nawaomba mlibebe hata mkisahau yote mengine. "Kipimo ikikuambia hapana kuran, inaweza kuwa bintu bibili. Ao waya alikufwa, ao ule mwenye kukuletea habari njo alikufwa. Usizike mutu juu ya neno ya mujumbe mumoya."

Vipimo vya dijitali vilipofika nilivichukia, kisha nikavizoea, kisha nikavipenda. Havina mshale wa kupinda vikianguka, na namba zake hazina ubishi wa kusoma. Lakini vina masikio makali kupita kiasi. Binamu yangu wa Kasulo, mtaa ule ambao watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao, aliniita siku moja akitweta. Waya wa pampu ya shimo lake ulikuwa umechomolewa, haukushikana na kitu chochote, lakini kipimo chake kipya kilisema una volti sitini na zaidi. Walidhani ni pepo, na mchungaji alikwisha kufika, anawaombea. Walikuwa wamemwagia shimo maji ya baraka, jambo ambalo katika shimo lenye nyaya ni hatari kuliko pepo mwenyewe. Nikaenda na kontrolere ya mshale, nikapima, ikasema sifuri. Waya ule ulilala sambamba na mwingine wenye umeme, ukawa unanong'onezwa tu. Kipimo cha dijitali kinasikia hata mnong'ono, cha mshale hakijali. Mchungaji akaniuliza kama sala zake zilisaidia. Nikamwambia zimesaidia sana, ila asirudie maji. Kwa hiyo mkinunua, tafuteni chenye alama ya LoZ kwenye kitufe. Ukikibonyeza, minong'ono inanyamaza na umeme wa kweli unabaki.

Kisha ikaja miaka ya kampuni kuanguka. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine, mishahara ikachelewa mpaka tukasahau sura yake, nyaya za karakana zikakatwa zikauzwa. Njaa ikiingia mjini hutafutiwa wa kulaumiwa. Wakubwa wakapanda majukwaani wakasema Wakasai ndio waliochukua kazi na nyumba za watu, warudi kwao. Kwao wapi? Watoto wa Tata Mukendi walijua Kasai kwa masimulizi tu, kama mimi nilivyoijua Yerusalemu.

Neno la kwanza kufukuzwa lilikuwa "moyo". Mtu aliyesalimia hivyo sokoni alikuwa amejitaja mwenyewe, na vijana wenye fimbo hawakuhitaji kuuliza zaidi. Watu waliosalimiana hivyo tangu utotoni wakaanza kupita wakitazama chini. Tata aliendelea na kazi siku chache, na kwenye prizi alisema bado, lakini kwa midomo tu, bila sauti. Nilikuwa naitazama ile midomo, moyo wangu unauma. Kisha nyumba yake ikachukuliwa na watu aliowajua kwa majina.

Nilimkuta kwenye stesheni, pamoja na mke wake na watoto na maelfu ya wengine, wamelala juu ya magodoro kati ya vyerehani na masufuria, wanangoja treni. Niliwapelekea bukari, yaani ugali, na samaki kila nilipopata. Siku treni ilipokuja, Tata alinipa kontrolere iliyofungwa ndani ya kitenge cha mke wake.

"Batainyanganya mu njia," akasema. "Uichunge. Nitarudilia kuikamata."

Alipanda. Watu walikuwa wamesongamana mlangoni mwa behewa, na chini, pembeni yangu, walisimama vijana wenye fimbo wakihesabu vichwa kwa macho. Treni ikatikisika. Tata akanitazama, akasema kwa sauti yake yote, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa miezi:

"Moyo, Mado!"

Vijana wakageuka. Kinywa changu kilikuwa kimekwisha kufunguka. Tata akaweka kidole midomoni mwake, akatikisa kichwa. "Usinijibu hapa," akasema. "Utanijibu siku ingine."

Treni ikaondoka. Nilibaki na jibu mdomoni, nikalimeza, nikarudi Dilala kwa miguu.

Miezi ikapita, mfanyakazi mmoja wa reli akatuletea habari: Mukendi wa karakana alifariki njiani, hata Kasai hakufika. Wengi walifariki katika mabehewa yale, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Lisemwalo lipo, tukasema. Tulimfanyia kilio nyumbani kwangu, watu wachache wa karakana, mapazia yameshushwa, tunalia ndani ya vitenge, maana kumlilia Mkasai nako kulikuwa kosa. Nikaiweka kontrolere kabatini. Nikawalea wanangu kwa kutengeneza mota za vinu na majokofu, na kila nilipoisalimia prizi, nilimsalimia maiti wangu.

Haya, turudi kwenye simu ya Clarisse.

Muuzaji wa kwanza alisema yuko Likasi, mji wa huku kwetu kwenye joto. Picha ya multimeta yake ilikuwa nzuri sana, imewekwa kando ya dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na theluji. Clarisse hakuiona mpaka nilipomwonyesha. "Pengine Likasi ilibadilika," nikamwambia, akacheka mpaka machozi. Msinunue picha. Picha inaweza kuibwa kwa mtu wa upande mwingine wa dunia.

Wa pili hakutaka maswali. Kila tulichouliza alijibu, "Mutume pesa leo, batu bengi banaitaka." Mtu mwenye kipimo kizuri hukimbizwa na wanunuzi, hawakimbizi yeye. Tukamwacha na hao wengi wake.

Wa tatu alikuwa msichana wa Lubumbashi, Ngalula, anayeuza vifaa vilivyokwisha kutumika vya mafundi wa migodini. Hapo ndipo penye bei nzuri, nawaambia siri: kipimo cha kiwandani kizuri kilichotumika miaka miwili kinashinda kipya cha ovyo, na kinagharimu chini sana ya ndugu yake mpya. Nilimwomba picha ya ndani. Akatuma bila kunung'unika: fyuzi mbili nene za kauri, kila moja mahali pake, zina jina la kiwanda. Nikaomba picha ya nyaya zake. Zilikuwa nene, laini, ncha zake zimefunikwa mpaka karibu na mwisho. Nikauliza kama kina LoZ. Kinayo. Nikauliza kama mtu anaweza kukijaribu kabla ya kulipa. Anaweza, kwenye ofisi ya basi.

Clarisse akasema, "Kambo, sasa tulipe." Nikasema bado. Nikaomba video. Nikamwandikia apime prizi yenye umeme, kisha waya usio na umeme, kisha prizi tena, yote katika video moja bila kukata, maana kipimo kilichokufa katikati hujulikana mara ya pili. Sikuandika neno zaidi ya hayo.

Video ikaja mchana, tukiwa uani tunachambua mboga. Ulionekana mkono wa msichana wenye rangi nyekundu kwenye kucha, umeshika ncha. Akazitia kwenye prizi, namba zikapanda. Na pale namba zilipotulia, sauti yake ikasema taratibu, kama mtu anayesema peke yake:

"Moyo."

Akapima waya mfu kimya. Sifuri. Akarudi kwenye prizi.

"Moyo."

Mboga ilinianguka. Nikamwambia Clarisse arudishe video. Akarudisha. Nikamwambia arudishe tena.

"Kambo, unalilia nini? Inapima muzuri!"

Sikuweza kumweleza. Nilibonyeza mwenyewe ile alama ya kutuma sauti, nikamwuliza Ngalula nani alimfundisha kuisalimia prizi. Akajibu akicheka, kwa aibu kidogo: "Aa, mama, ni mazoea tu. Njo vile kambo wangu alitufundishaka kule Mwene-Ditu, ku Kasai. Alikuwaka fundi wa kuran, zamani sana. Sasa alizeeka, haonake muzuri."

"Alikuwaka? Ao angali eko?"

"Angali eko, mama. Njo mwenye kelele kupita batu bote mu nyumba."

"Jina lake?"

"Mukendi."

Nilikaa chini. Lakini nilikuwa nimekwisha kuzika mtu kwa neno la mjumbe mmoja, sikutaka kumfufua kwa neno la mjumbe mmoja. Akina Mukendi Kasai ni wengi kama akina Mado Kolwezi. Nikamwomba amwulize babu yake swali moja tu: huku Kolwezi aliacha nini? Asimtajie jina langu, asimtajie kitu kingine chochote. Ule usiku sikulala vizuri, na asubuhi niliunguza chai mara mbili.

Jibu likaja kabla ya jua kuwa kali. Ngalula hakuwa anacheka tena. "Mama, nilimuuliza. Aliniambia nirudilie kuuliza. Kisha akasema, aliacha kontrolere moya na salamu moya. Asema kontrolere munaweza kubaki nayo. Salamu njo anaingoja."

Sasa nilikuwa nimerudilia mzima, na mzima alikuwa amejibu.

Baadaye tu ndipo Ngalula alinieleza kuwa aliyefariki njiani alikuwa mdogo wake Tata, aliyepanda behewa lilelile. Mfanyakazi wa reli alilisikia jina la ukoo, akatubebea msiba usio wetu. Nimemwombea huyo marehemu tangu hapo. Alililiwa na watu wasiomjua, kwa machozi ya kweli.

Kuhusu bei, niwaambie tulivyofanya biashara ya kichwa chini miguu juu. Mimi niliyekuwa nimejiandaa kubana nikaona haya kubana, na Ngalula akaona haya kupokea. Yeye anashusha, mimi napandisha. "Mama, siwezi kukulipisha weye." "Mutoto, soko ni soko, kambo yako atanigombeza." Clarisse alikuwa ameshika kichwa, anasema hajawahi kuona biashara ya wendawazimu kama hiyo. Mwishowe tukaafikiana kwa bei nzuri, na ninyi msitegemee kupata ya namna hiyo.

Kipimo kilifika kwa basi. Kwenye ofisi yao Clarisse aliomba prizi kabla ya kutia sahihi. Karani akamwonyesha moja nyuma ya meza. Mjukuu wangu akatia ncha, akatazama namba, akanigeukia kidogo, kisha akasema "Moyo," sauti ya chini, ya kuona haya. Karani akauliza kama binti ni mzima wa akili. Nikamjibu ni mzima kuliko sisi sote. Jumatatu akaenda nacho mgodini, na kila jioni anarudi na mikono yake miwili, asifiwe Mungu.

Jumapili baada ya misa, Ngalula alipanga na shemeji yake aliyeko Mwene-Ditu amwekee babu simu sikioni. Nilikaa kwenye kiti mbele ya nyumba, barabarani kwetu Dilala ambako motari, yaani pikipiki za abiria, hupita bila kukoma. Nilisikia kukohoa, halafu pumzi.

"Tata," nikasema, "ni Mado."

"Mado ya kontrolere?"

"Njo miye, Tata."

"Aa! Mi balinambia Mado alikufwa zamani, machimbo ilimuangukia!"

"Na miye balinambia weye ulikufwa mu treni. Tulikufanyia na kilio."

"Kilio yangu?" Sauti ilizeeka, lakini utani ulikuwa uleule. "Mulikula nini? Nani alilia sana?"

"Miye, Tata."

Nilimsikia anavuta kamasi. Kisha akasema, "Hatukurudilia kupima, mutoto wangu. Hata miye mwenyewe. Mi fundi muzima nilizika mutu juu ya mujumbe mumoya." Nami nikalia tena, na Clarisse akanishika bega.

"Mushale ingali inarudilia ku zero?" akauliza.

"Inarudilia, Tata. Niliichunga."

"Muzuri. Umupe mujukuu wako, asifikiri akili ilianza na betri." Akavuta pumzi. Halafu, kutoka mbali kule, ile sauti ya mlangoni mwa behewa: "Moyo, Mado."

"Moyo wenu, Tata," nikasema.

"Unasema nini? Masikio yangu ilikufwa. Sema nguvu!"

Nilitazama barabara. Watu walikuwa wanatoka kanisani, wanawake na vitenge vyao vya Jumapili, vijana wamekaa juu ya pikipiki wanangoja abiria. Nilisimama. Nikashika simu mbele ya mdomo kwa mikono miwili, nikapiga kelele kwa nguvu zote nilizobakiza:

"Moyo wenu, Tata! Moyo wenu!"

Kwenye simu mzee alikuwa anacheka na kulia pamoja. Barabarani watu wakageuka. Kijana mmoja aliyekuwa anapita na pikipiki, simjui ni mtoto wa nani, akadhani nimemsalimia yeye na abiria wake. Akainua mkono bila kupunguza mwendo.

"Moyo webe, mama!" akanijibu, akakata kona.